Robo Kilo ya Upepo

Alhamisi, 3 Aprili

Daftari hili nimelinunua leo Mlandizi kwa sababu moja tu: nataka kila kitu kiwe kwa maandishi. Nimefundisha hisabati miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu, na najua binadamu akiulizwa jambo la juzi anavyobabaika. Karatasi haibabaiki.

Kikundi chetu cha akina mama wa hapa Janga kimepata kikaushio cha muhogo. Ni mtumba kutoka Marekani, lakini kizima, na pacha wake amepelekwa kwa kikundi cha Kisarawe. Kwa hiyo masika hii hatutaanika makopa juani huku tukikimbizana na mvua. Mwenyekiti wetu, Bi Mwanahalima, amenikabidhi mimi vipimo. Kuendesha mashine amekabidhiwa Hussen, mtu wa Kisarawe aliyekuja kuoa hapa kwetu. Hussen nilimfundisha kidato cha pili na cha tatu, alipokuwa akisoma bweni huku kwetu, na alama zake za hisabati naona haya hata kuziandika humu. Leo ndiye fundi.

Sisemi kitu. Nimenunua daftari.

Jumamosi, 5 Aprili

Kitabu cha mashine kimeandikwa kwa vipimo vya Kiingereza vya zamani. Kinasema hewa ipite kwenye trei za muhogo kwa kiasi cha paundi mia sita kwa saa, kwa kila futi moja ya mraba. Saa ya kupimia, iliyofungwa na fundi kutoka Dar es Salaam, inasoma kilo kwa sekunde kwa kila mita ya mraba. Jambo ni lile lile, uzito wa hewa inayopita mahali kwa muda fulani, ila lugha mbili hazielewani mpaka apatikane mtu wa kukokotoa.

Bi Mwanahalima alicheka mpaka akashika kiuno. "Mwalimu, na upepo nao una kilo? Basi tuutie kwenye viroba tukauuze!"

Hesabu nimeifanya nimesimama kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikisubiri mabati ya chumba changu cha uani. Paundi nikazifanya kilo, saa nikaifanya sekunde, futi nikazifanya mita. Jibu: sifuri nukta mbili tano. Yaani robo kilo ya hewa kila sekunde kwa kila mita ya mraba. Nimeandika namba hiyo ukutani kwa rangi nyekundu, juu kidogo ya saa, na nimemwambia Hussen mshale usizidi hapo wala usipungue.

Akauliza, "Ni hiyo hiyo, Mwalimu? Una uhakika?"

Hebu mwone!

Jumatatu, 7 Aprili

Tumewasha. Gunia kumi na mbili za muhogo uliomenywa na kukatwa. Mvua tangu alfajiri, lakini ndani ya banda la mashine ni pakavu, na akina mama wameimba.

Jumanne, 8 Aprili

Bado haujakauka. Kitabu kinasema ukauke kwa saa tisa. Sisi tuko saa ya ishirini na mbili.

Alhamisi, 10 Aprili

Muhogo umechacha. Ukifungua mlango unapokewa na harufu ya pombe. Gunia kumi na mbili zote tumewapa nguruwe wa watu wa ng'ambo ya barabara, na hata hao wamekula kwa kuchagua.

Nimekagua saa: mshale uko pale pale kwenye namba yangu. Nimekagua kuni: zipo. Feni inazunguka. Basi kama mashine ni nzima na namba ni sahihi, kilichobaki ni mtu.

Jumatatu, 14 Aprili

Hussen kanijia asubuhi, kofia mkononi, adabu tele. Adabu ikizidi mimi huanza kuhesabu vijiko vyangu, nisije nikaibiwa.

"Mwalimu, huu upepo mbona mdogo? Nikiweka mkono juu ya trei sisikii kitu. Kikaushio kama hiki lazima kikupulize hasa."

Nikamwambia hewa haipimwi kwa kiganja, inapimwa kwa saa. Akasema, "Sawa, Mwalimu," akaenda zake. Lakini kabla hajaondoka alitazama ukuta wangu kwa namna ambayo sikuipenda. Anataka nini? Kwa nini mtu ajitafutie sababu mapema, kabla hajaulizwa?

Jumanne, 15 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 17 Aprili

Jambo la ajabu, na naliandika kwa uangalifu. Jana nilishinda Pangani, hii ya jirani, kwa mdogo wangu, nikarudi jioni. Nikakuta gunia nane zimekauka vizuri ajabu, makopa meupe yanakatika mkononi kwa mlio. Kwa muda wa saa kumi tu! Akina mama wanamsifu Hussen kama aliyeleta mvua wakati wa kiangazi.

Mimi najiuliza: mbona umekauka siku niliyokuwa sipo? Nikiwepo unachacha, nikiondoka unakauka. Maana yake mtu huyu anaweza kuukausha akitaka. Basi ule wa kwanza hakutaka. Hesabu hii haihitaji karatasi.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimesikia kwamba kikundi cha Kisarawe wanakausha kila siku bila kukosa, na mnunuzi mmoja wa unga kutoka Dar es Salaam ameanza kupeleka gari lake huko. Kisarawe. Kwao Hussen.

Jumanne, 22 Aprili

Nimemkamata.

Leo sikupita njia ya kawaida. Nilizunguka nyuma ya banda, nikapita kwenye tope mpaka viatu vikaniganda, nikachungulia kwenye upenyo wa mbao. Hussen alikuwa ameshika mkono wa ule mlango wa chuma unaozuia upepo, anaufungua. Mshale umepita namba yangu, umeruka mbali kabisa, karibu na sifuri nukta nane. Nikaingia.

"Hussen!"

Akashtuka, akaachia mkono. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Unafanya nini hapo?"

"Naongeza upepo kidogo. Ule wa juzi nao niliukausha hivi hivi. Nilitaka kukwambia, nikaona utanifokea."

"Kwa hiyo unaendesha mali ya akina mama kwa siri."

"Si siri, Mwalimu. Muhogo wenyewe unasema."

Muhogo unasema! Nimemwambia wazi kwamba anatafuta kuunguza feni, na feni ikiungua sisi tutarudi kwenye mikeka na wenzake wa Kisarawe watabaki peke yao sokoni. Hakukana. Mtu asiye na hatia hukana.

Nimenunua kufuli. Mlango wa upepo nimeufunga kwenye namba yangu na ufunguo ninautembeza mimi, umefungwa kwenye upindo wa kanga. Kikulacho ki nguoni mwako, na ukimjua usimwonee haya.

Alhamisi, 24 Aprili

Gunia kumi. Unanuka.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua ya mawe kidogo. Gunia tisa. Ukungu wa kijani.

Ijumaa, 2 Mei

Mara ya nne. Mzee mmoja wa shamba la bondeni, aliyetuletea muhogo wake wote wa msimu, alisimama mlangoni mwa banda, akatazama, akageuka bila kuaga. Bi Mwanahalima alilia machozi ya kweli. Mimi sikulia. Nilikasirika, na hasira ilikuwa na jina.

Kufuli yangu iko salama, haijaguswa. Kwa hiyo anafanya kitu kingine. Labda anatia maji. Labda anapunguza kuni ninapotoka. Nimeanza kuhesabu kuni.

Jumapili, 4 Mei

Kuni hazijapungua. Amekuwa mwangalifu.

Ijumaa, 9 Mei

Mkutano wa kikundi baada ya sala ya Ijumaa. Nimesema yote: siku ya kwanza, kiganja chake, siku ya Pangani, mkono wake kwenye mlango wa chuma, gari la mnunuzi linalokwenda kwao. Nilivyoyapanga yalifuatana vizuri, moja likivuta jingine, mpaka nikaona vichwa vinatikisika.

Hussen akasimama akasema maneno machache. "Mimi sijaharibu muhogo wa mtu. Kama kuna njia ya kujua, ifanyike."

Hapo mama mmoja nyuma akatamka kile ambacho wengi walikuwa nacho kooni: isomwe Albadiri. Hapa kwetu hakuna asiyejua uzito wake. Ni kisomo cha kumshtaki mkosaji mbele ya Mungu, na kikisomwa hakichagui, humpata mwenyewe na huweza kuwapata walio wake. Watu wakageuka kumtazama Rahma, mke wa Hussen, mwenye mimba ya miezi saba. Akaweka mkono tumboni.

Tulimwita Maalim Pazi kutoka msikitini. Akasema kisomo hakifanywi kwa pupa, mkosaji apewe siku za kujisema. Basi itasomwa Jumamosi ya tarehe 17, baada ya alasiri, pale pale bandani. Bi Mwanahalima akaongeza, "Na Mwalimu atatusomea daftari lake kwanza, toka mwanzo, kila mtu asikie ushahidi."

Nikakubali kwa furaha. Naandika neno hilo kwa sababu ndilo la kweli.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua. Tumesimamisha mashine. Hussen anapita barabarani akinisalimia kama kawaida. Uso mkavu! Siku tano zimebaki.

Jumatano, 14 Mei

Rahma alikuja asubuhi. Alisema mumewe hana kosa, na kwamba anaogopa kwa ajili ya mtoto. Nikamwambia asiye na kosa haogopi kisomo. Akaondoka.

Alhamisi, 15 Mei

Leo nimekwenda Kisarawe.

Nia yangu ilikuwa kumaliza kesi. Nilijisemea, nikikuta hata mtu mmoja anayemjua Hussen kwenye kikundi kile, nikikuta hata simu moja aliyopiga, basi Jumamosi hana pa kujificha. Nilishuka Kiluvya, nikachukua bodaboda, tope mpaka magotini, nikafika saa tano nimelowa.

Kikaushio chao kipo nyuma ya stoo, pacha wa chetu kwa kila kitu. Msimamizi ni mwanamke mwembamba anaitwa Firdausi, mwenye kidato cha nne tu, ana penseli sikioni. Nikajitambulisha kuwa mwalimu mstaafu ninayependa mashine. Akanikaribisha chai. Nikauliza habari za Hussen kwa kuzunguka.

"Hussen yupi? Yule aliyeoa Janga? Tangu aoe sijamwona huku, mama. Hata msibani kwao hakuja, alisema ana kazi ya watu, haachi."

Nikaona ananificha. Nikamwomba anioneshe mashine. Trei zilikuwa zimejaa, na niliposogea nguo zangu zilipepea. Upepo ulikuwa unapuliza kweli kweli. Nikatazama saa yao. Mshale ulikuwa kwenye sifuri nukta nane moja.

Nikasema, na bado nilikuwa mwalimu wakati huo, "Mwanangu, mtaiunguza feni hii. Kipimo chake ni sifuri nukta mbili tano."

Firdausi akashangaa. "Mbili tano mmeitoa wapi, mama? Kitabu kinasema paundi mia sita." Akachomoa penseli, akageuza boksi la majani ya chai, akaanza kuandika. Mia sita mara sifuri nukta nne tano tatu sita, hizo kilo. Gawa kwa elfu tatu na mia sita, hizo sekunde. Nilikuwa naitikia kwa kichwa, hatua kwa hatua, sawa na yangu. "Halafu mara kumi nukta saba sita," akasema.

"Mara tatu nukta mbili nane," nikamsahihisha. "Mita moja ni futi tatu nukta mbili nane."

"Ndiyo, mama, mita ya kunyoosha. Lakini hii ni ya mraba."

Akachora kiboksi. Futi tatu na kitu kwenda huku, futi tatu na kitu kushuka huku. Akaanza kuhesabu vyumba vya ndani kwa ncha ya penseli, kimoja kimoja, kama nilivyokuwa nikifanya na watoto wa kidato cha kwanza. Karibu kumi na moja.

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka mabati. Bati hununuliwa kwa urefu, futi kumi, futi nane, upana haumhusu mtu maana mabati yote upana wake ni mmoja. Nilikuwa nimesimama dukani na mabati yangu kichwani, nikaipima hewa kama bati. Nikazidisha mara moja pale ilipotakiwa mara mbili. Hewa yetu ilikuwa chini ya theluthi ya ile inayotakiwa, na pale mtu mmoja alipoifungua kwa sababu kiganja chake kilimwambia, nilimtia kufuli.

Njiani kurudi mvua ilinipiga usoni na sikuvuta hata kanga.

Ijumaa, 16 Mei

Sijatoka nje. Nimeandika sentensi kumi na nimezikata zote.

Nimejiambia hivi: Albadiri humpata aliyeharibu kwa makusudi, na mimi sikukusudia. Halafu nikajiuliza, nilikusudia nini basi na kufuli ile? Nimejiambia tena: naweza kufuta ile namba nyekundu kimya kimya, niandike mpya, niseme nimemsamehe Hussen, watu wapoe. Nusu ya Janga imepita mikononi mwangu darasani. Nani atakayehesabu upya?

Nimeshika kurasa za Aprili kwa vidole viwili, tayari kuzichana. Nikaogopa. Si Mungu niliyemwogopa saa ile, Mungu anisamehe. Nilimwogopa Firdausi na boksi lake la majani ya chai.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Jumapili, 18 Mei, asubuhi

Haya ni ya jana.

Banda lilijaa. Maalim Pazi alikuwa ameketi juu ya mkeka, ubani unafuka, kitabu kimefunikwa kwa kitambaa. Hussen alikuwa mstari wa mbele kabisa, kanzu nyeupe imepigwa pasi. Rahma alikuwa upande wa wanawake, amekaa kwenye kiroba cha pumba kwa sababu ya mgongo. Bi Mwanahalima akaniambia, "Haya Mwalimu, tusomee."

Nikasimama. Nikasema, "Maalim, kabla hujafunua kitabu. Aliyeharibu muhogo ni mimi."

Wengine walidhani nasema kwa fumbo. Ikanibidi nieleze. Nikachukua mkaa, nikachora ukutani kiboksi cha Firdausi, chini ya namba yangu nyekundu, nikahesabu vyumba vyake mbele ya watu wote. Wasioelewa hesabu walielewa sauti yangu. Mzee wa shamba la bondeni akauliza, "Kwa hiyo huyu Hussen alipokuwa anafungua, alikuwa anaukausha?" Nikajibu ndiyo. Akauliza tena, "Na wewe ukafunga?" Nikajibu ndiyo.

Maalim Pazi akakunja mkeka. Akasema hapa hakuna kisomo, hapa kuna mtu na mwenzake, na mwenye haki ni Hussen.

Hussen akanyoosha mkono. "Ufunguo, Mwalimu."

Fundo la kanga lilinishinda kulifungua. Mama mmoja akanisaidia. Hussen akaenda kwenye mlango wa chuma, akafungua kufuli, akasukuma mkono wake mpaka mshale ukafika sifuri nukta nane. Feni ikanguruma, majivu ya ubani yakaruka. Hakusema kwamba amenisamehe, wala hakusema kwamba hajanisamehe. Akabaki kule kule, ananipa mgongo, anatazama trei tupu.

Nikataka kukaa. Bi Mwanahalima akasema, na sijawahi kumsikia akisema kwa sauti ile, "Daftari bado. Ulikuwa na haraka lisomwe. Soma."

Nikasoma. Nikasoma vijiko, nikasoma alama za kidato cha tatu, nikasoma "hasira ilikuwa na jina", nikasoma "uso mkavu". Hakuna aliyecheka mahali popote. Nikafika Jumatano ya tarehe 14, mistari mitatu mifupi. Nikaisoma, nikageuza ukurasa.

"Ngoja," akasema Rahma.

Alinyanyuka kutoka kwenye kiroba, mkono mmoja mgongoni. "Rudia hapo nilipokuja."

Nikarudia.

"Hujaandika kwamba hukunikaribisha kiti."

Nikatazama ukurasa kana kwamba ningekikuta kiti humo. Hakikuwemo. Mimi niliyenunua daftari ili kisiachwe kitu, nikahesabu hata kuni.

Rahma hakungoja jibu. Akamwendea mumewe, wakatoka, na watu wakawafuata wawili wawili mpaka nikabaki na feni.

Naandika sasa, mahali pake si hapa lakini nafasi ya kule imejaa. Jumatano, tarehe 14 Mei, Rahma alikuja kwangu kwa miguu, na mvua, akiwa na mimba ya miezi saba. Barazani palikuwa na viti vitatu. Kimoja nilikikalia mimi, viwili vilikuwa vitupu. Alizungumza nami kwa muda wa nusu saa, akiwa amesimama.